Mdogo Wangu Vumbi na Kodi ya Moshi

Mdogo wangu huyu watu wanamwita Vumbi, na jina lenyewe amelizoea mpaka ukimwita lile alilopewa na wazazi hageuki. Kazi yake ni kusaga nafaka. Ameianza akiwa kijana mwenye nywele nyeusi tii, ingawa weusi huo tuliujua sisi wa nyumbani tu, maana mtaani siku zote walimwona na unga kichwani, unga kwenye nyusi, unga masikioni. Uzee ulipomjia na mvi zake, hakuna aliyetambua.

Chumba cha mashine na nyumba yangu vimeshikana, ukuta ni mmoja. Ndani yake si mahali pa kujisifia: paa la bati, dirisha moja lenye nondo, sakafu ya saruji iliyong'aa kwa kukanyagwa. Injini ya dizeli ilikaa upande wa ukuta wangu, na mkanda mrefu ukitoka kwake kwenda kwenye kinu. Kwenye mdomo wa kinu kumefungwa mfuko wa kitambaa ambao unga unashukia humo, ukijaa unatuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu.

Kila asubuhi Vumbi aliiwasha injini ile kwa mkono wa chuma. Anauzungusha, anailaani, anauzungusha tena, injini inakohoa, inagoma, halafu inakubali. Du-du-du-du-du. Sahani zangu kabatini zinaitikia. Basi huo ndio ulikuwa wito wa mtaa mzima. Mwanamke akiwa anafua huko bondeni, akiisikia, anajifuta mikono na kujitwika beseni. Hakuna aliyekuja kupiga hodi na kuuliza kama kumefunguliwa. Ikinguruma kuna kusaga, ikinyamaza kaa kwako.

Kwa kelele ile, yeye na wifi yangu, yaani mkewe, waliishi mle ndani kwa ishara. Wifi ndiye anayepokea nafaka, anapepeta, anaweka mafungu ya watu pasichanganyike kitu. Akisugua vidole viwili, mteja anataka unga laini. Akigusa sikio, mteja ana haraka. Akijipiga paji la uso, maana yake mimi nimeingia. Wananiambia ni ishara ya heshima.

Sasa ikaja hiyo kodi ya moshi.

Redio ilikuwa imeisema kwa jina refu, kodi ya hewa ya ukaa, na mimi nikajua ni mambo ya wenye viwanda huko. Kumbe ilikuwa inakuja kwetu. Vumbi alikwenda kituo cha mafuta na dumu lake, akarudi likiwa halijajaa, akaketi kwenye kizingiti changu.

"Mbona dumu linacheza?" nikamuuliza.

"Mafuta yamepanda. Yule binti wa pampu ameniambia si wao. Eti kila lita ninayochoma inatoa hewa chafu angani, sasa serikali inaitoza hewa hiyo."

"Moshi nao una kodi?"

"Una kodi."

"Kesho watatutoza kukohoa!"

"Dada, wakikutoza wewe maneno, nchi hii itajenga reli mpaka mlangoni kwako."

Yeye hivyo ndivyo alivyo. Mimi nachemka, yeye anatania. Akapandisha bei ya kusaga kidogo tu, kile ambacho hakikukwepeka, na kila beseni sasa likaja na lawama yake juu. Nauli nazo zikapanda, mkaa uliokuja kwa lori ukapanda, sabuni ikapanda kwa kuwa nayo ilikuja kwa lori hilo hilo. Vumbi alipokea lawama zote kama vile yeye ndiye aliyekaa bungeni akaipitisha.

Nami nilisema wazi, sikunong'ona. Nilisema kodi nimeziona za kila namna katika umri wangu. Njia yake ya kwenda naijua. Njia ya kurudi sijawahi kuiona, na wala sijakutana na mtu aliyeiona.

Haukupita muda tukaitwa ukumbi wa shule. Amekuja afisa kuzungumzia hiyo kodi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumchukia, na nilitarajia bwana mwenye kitambi na dereva. Akaingia binti mwembamba, viatu vimejaa vumbi la barabara, amekuja kwa pikipiki yake mwenyewe. Alipofika kwangu akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikamjibu, lakini kwa mdomo tu.

Akaeleza. Alisema fedha za kodi ya mafuta haziendi mahali pamoja. Fungu moja linaingia hazina pamoja na kodi nyingine, linalipa walimu na madawa. Fungu moja linakwenda kwenye barabara. Na fungu la tatu limewekwa kwenye mfuko wake peke yake, la kuwasaidia wale ambao kodi yenyewe imewaumiza na hawana njia ya kuacha mafuta kwa nguvu zao. Wasagaji wa nafaka wamo. Msagaji atavutiwa umeme na kupewa mota. Naye atoe injini yake ya dizeli, ichukuliwe ikakatwe, isije ikauzwa kwingine ikaendelea kufuka moshi.

Nikasimama. "Binti, fedha zikishaingia huko ndani, nani anazitoa?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka.

"Bibi, hazina yote siwezi kukusemea, sina funguo zake. Ninachoweza kusimamia ni hiki cha kwenu. Mota nitaileta mwenyewe, na nisipoileta mnajua ninakopita."

"Na mkiichukua injini halafu mota isije?"

"Injini haitaondoka kabla mota haijashuka kwenye gari."

Jibu lilikuwa zuri, na hilo likaniudhi zaidi. Kisha akaongeza sharti, akalisema polepole ili kila mtu alishike. Mota ni mali ya mfuko mpaka mwisho wa mavuno. Ikifanya kazi hadi hapo, inakuwa ya msagaji moja kwa moja. Ikikaa bure, itafunguliwa ipelekwe kwa mwingine, maana wanaongoja ni wengi na fedha ni za watu.

Njiani kurudi nilimwambia Vumbi asithubutu. Injini ni yake, anaijua tabia yake, ikilala anajua pa kuipiga. Umeme unakatika. Mota ikichukuliwa atabaki na chumba kitupu na mkanda wa kufungia mizigo.

Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Dada, juzi mama watoto alinieleza jambo pale kwenye mashine, nikamjibu, 'Liweke pembeni, nitalishona.' Unajua alikuwa ananiambia nini?"

"Nini?"

"Mjukuu wetu ameota jino. Mimi nilisikia gunia limetoboka."

Akaongeza, "Dizeli inapanda, masikio yanashuka. Niipe injini mwaka mwingine wa nini?"

Basi gari likaja, mota ikashuka kwanza kama binti alivyosema, ya kijani, ndogo hata nikadhani ni sehemu yake tu. Wanaume wanne wakaibeba injini kuipandisha garini. Watu walikuwa wamejaa, wengi wao wanawake na watoto, wakitazama kama wanaotazama mtu anahama. Mimi nikatoka kibarazani kwangu nikatangaza, tena kwa sauti:

"Unga wa umeme hautaingia kwenye chungu changu mpaka nizikwe. Mashahidi ni ninyi!"

"Tumesikia, bibi!" wakaitikia.

"Heri umesema mapema, wifi," mke wa Vumbi akasema. "Foleni itapungua."

Watu wakacheka, gari likaondoka, wakatawanyika. Mafundi wa umeme walibaki nyuma ya chumba na nyaya zao, kazi ikaendelea siku kadhaa, na mtaani kukawa kimya.

Walipomaliza, Vumbi akafungua mlango asubuhi kama kawaida yake, akabonyeza kitufe. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta na sikio langu tayari. Nikasikia kitu kama nyuki kwenye chupa, basi. Sahani kabatini hazikutikisika hata moja.

Siku hiyo hakuja mtu. Vumbi akafagia. Kesho yake hakuja mtu, akafagia tena pale pale. Siku ya tatu akapaka mlango rangi. Mavuno ndiyo kwanza yameanza, mahindi yanaingia kutoka mashambani kwa magunia, wakati ambao chumbani mle huwa hapapatikani pa kuweka mguu. Na kutoka kibarazani kwangu nikawaona kwa mbali wanawake wa mtaa huu huu, mabeseni kichwani, wanapanda njia ya daraja kwenda kwa msagaji wa ng'ambo mwenye injini yake ya dizeli, mwendo wa kuvunja mgongo, na bei yake imeshapita ya Vumbi.

Kwanza nilifurahi, kwa nini niseme uongo. Nilikwenda pale mlangoni nikashika kiuno.

"Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, dada," akajibu. Hakutania. Alikuwa amekaa juu ya gunia tupu, na kwa mara ya kwanza niliona nyusi zake hazina unga. Kumbe ni mzee, mdogo wangu.

Wifi akasema, "Tumepata utulivu wa kuzungumza, na mazungumzo yenyewe ndiyo haya: huyu anauliza nani amekuja, na mimi namjibu hakuna."

"Watu wamenikataa," Vumbi akasema. "Labda kwa ile bei niliyopandisha. Labda wananiona nimekula na serikali. Mavuno yakiisha bila mtu, yule binti atakuja kuifungua mota, na hatakuwa na kosa. Aliniambia mbele ya watu wote."

Nikarudi kwangu na ile raha ya kushinda imeniharibikia mdomoni. Kumcheka mdogo wangu ni haki yangu. Mtaa kumkataa ni jambo jingine kabisa, na nilitaka kujua ni nani hasa aliyelianzisha ili nimweleze anayostahili.

Nikashika njia mpaka kwa Mama Mapacha, maana yeye akiamua kuanika, mtaa mzima unaanika. Nikamkuta anajitwika beseni la mahindi. Aliponiona akalishusha haraka na kulifunika kwa kanga.

"Usifunike, nimeshaona," nikamwambia. "Mdogo wangu amekukosea nini?"

"Nani? Vumbi? Mungu wangu, bibi, amenikosea nini yule mtu!"

"Basi mbona unampita mlangoni kwenda ng'ambo?"

"Sipiti mlangoni kwake. Nazunguka nyuma ya shule." Akaniangalia kwa huruma, akanishika mkono. "Sote tunazunguka. Tumekubaliana tusipite pale na mabeseni, atajisikia vibaya. Mtu ameporwa injini yake mchana kweupe, halafu tumpitie na mahindi?"

"Ameporwa na nani?"

"Serikali, bibi. Si wewe mwenyewe ulisema kodi hairudi? Wamechukua injini, wameacha lile dude la kijani, na tangu siku ile hatujasikia mashine hata mara moja. Tulijua tu. Fedha zimeliwa, dude bovu."

Nikamwambia mashine inafanya kazi. Nikamwambia haina kelele, ndiyo ilivyo. Akanipigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto.

"Wewe ni dada yake, lazima umtetee. Mwambie avumilie."

Nikaingia nyumba ya pili, nikaambiwa hivyo hivyo, na ya tatu wakanipa na mboga nimpelekee mgonjwa. Mgonjwa! Wamemzika mdogo wangu akiwa anafagia, na wamemzika kwa upendo, na udongo wenyewe nimeuchota mimi kwa mdomo wangu. Na kusema nao hakusaidii. Mashine iliyonyamaza ni mashine iliyokufa, hivyo ndivyo tulivyokua sote. Hata mimi, nimekaa siku zile zote nimeuona mlango wazi kwa macho yangu, na kila asubuhi nilijisemea, leo bado hajafungua.

Nilikaa nikatafakari. Mtaa unanijua. Wanajua nikisema sili, sili, hata chakula kikiwa cha harusi. Niliwahi kugombana na muuza chumvi, nikala bila chumvi mpaka akahama. Sasa mtu kama huyo akionekana na beseni la unga kutoka kwa Vumbi, hakuna haja ya maelezo.

Lakini nilitangaza mbele ya watu. Mpaka nizikwe, nilisema. Usiku huo sikupata usingizi mzuri, na asubuhi niliyatoa mahindi nikayarudisha, nikayatoa tena. Mwisho nikajitwika beseni nikaenda.

Wifi aliponiona mlangoni akajipiga paji la uso, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kelele ya kuhitaji ishara.

"Umepotea njia, wifi?"

"Nisagieni. Na asicheke mtu."

Vumbi hakucheka, lakini namna alivyosimama ilikuwa kucheka tupu. Akamimina mahindi, akabonyeza kitufe. Unga ukashuka, mfuko ukatuna. Nilitia mkono ndani nikitafuta kasoro nikakosa.

"Laini," nikasema.

"Nini, dada? Sikusikia."

"Umesikia vizuri sana."

Sikurudi nyumbani, maana nyumbani ni hatua moja tu na nani angeniona? Nilishika njia ya juu, nikapita shuleni, nikapita penye bomba, nikateremka bondeni wanakofua. Beseni wazi, sikulifunika. Usoni nilikuwa nimejipaka unga wa kutosha, na huo haukunipata kwa bahati mbaya. Watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Nilisalimia kama mtu anayekwenda shughuli zake, na shingo ilikuwa inaniuma kweli kweli.

Mama Mapacha akanikimbilia. "Bibi! Huo unga wa wapi?"

"Kwa Vumbi."

"Umeutoa ng'ambo, unatufanyia mchezo."

"Tia mkono."

Akatia vidole, akavitoa, akavitia tena. Kila mwanamke anajua unga uliotoka kinuni muda huu huwa na joto, na ule wa ng'ambo ukivuka daraja mpaka ufike kwetu unakuwa umeshapoa kama mchanga wa asubuhi.

"Una moto," akasema.

Wakaja wengine, kila mmoja akatia vidole, mpaka nikaanza kuona beseni linapungua.

"Kwa hiyo fedha zimerudi?" mmoja akauliza. "Zile za moshi?"

"Zimerudi hizi," nikasema. "Za kwingine msiniulize, sina funguo za hazina."

"Na wewe si ulisema mpaka uzikwe?"

"Nilisema chungu. Nyumbani napikia sufuria." Nikawaacha wanacheka, nikapandisha kilima nikiwa nimenyooka.

Kabla jua halijawa kali, Mama Mapacha alikuwa wa kwanza mlangoni na mabeseni mawili, la kwake na la jirani. Alimkuta Vumbi hana ugonjwa, akampa pole hata hivyo, maana alikuwa ameshaiandaa. Nyuma yake wakapanga foleni mpaka kwenye kibaraza changu. Jioni mdogo wangu alitoka mle akiwa mweupe kama alivyoumbwa na mtaa huu.

Mavuno yalipokwisha yule binti akaja na pikipiki yake. Hakuweza kuingia kwa wingi wa watu. Akaomba njia, wakamwambia kila mtu ana haraka hapa, apange foleni. Akapanga! Alipofika ndani akaitazama mota, akatazama mafungu ya watu yaliyojaa mpaka dirishani, akamshika Vumbi mkono akamwambia mota ni yake kuanzia leo. Vumbi akamshukuru, mkono wote wa binti ukabaki mweupe. Wifi akamwambia ajifutie kwenye kanga yake.

Alipotoka nilimngoja kibarazani. Nikamwambia, "Binti, kodi yako bado siipendi. Nauli haijashuka, na sabuni ndiyo hiyo."

"Hata mimi siipendi, bibi, nikiweka mafuta kwenye hii." Akaipiga pikipiki kofi kwenye tangi.

"Basi njoo ukae unywe maji. Umesimama muda mrefu."

Akaketi. Kupitia ukuta nikamsikia Vumbi anaita, "Beseni la nani hili? La bluu ni la nani?" na wanawake wanamjibu wote kwa pamoja.